Kotmiri, pua na jeni ya OR6A2: si kasoro ya damu



Leo naomba niandike kidogo kuhusu pua. Najua wengi wetu hapa tumezoea mijadala ya lugha na historia, na mimi mwenyewe hupenda kukaa pembeni nikiwasoma wakubwa wanavyovutana. Lakini kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kufundisha baiolojia hapa Muscat, na Ramadhani iliyopita jambo la kwenye vitabu vyangu liliingia nyumbani kwa dada yangu likataka kuharibu ndoa ya watu. Nitaeleza kisa kwanza, halafu sayansi yake, halafu kosa. Na kosa lenyewe lilikuwa langu.

Mpwa wangu alioa Mombasa. Bibi harusi akaja huku, na futari yake ya kwanza kwa mama mkwe ikaandaliwa kwa heshima zote: sambusa, bajia, mbatata za urojo, kachumbari, na chatini ile ya kijani. Yule binti akawa anachambua majani ya kotmiri kwenye kachumbari, moja moja, anayaweka ukingoni mwa sahani. Chatini hakuigusa kabisa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu dada yangu akashindwa kuvumilia, akamwuliza mbele ya wageni, "Mwanangu, chakula chetu kina nini?" Mtoto wa watu kwa haya zote akajibu, "Samahani mama, hii dania kwangu mimi inanukia sabuni."

Pakawa kimya. Hebu fikirini, mwanamke amesimama jikoni tangu alasiri, amefunga, halafu anaambiwa chakula chake kinanukia sabuni. Kutoka siku hiyo ikawa ni maneno: huyu anadeka, huyu anatudharau, huyu kwao wamezoea vya hotelini. Mpwa wangu akawa katikati, kila upande unamvuta. Ndipo nikapigiwa simu. "Wewe si msomi wa mambo haya? Njoo utuambie, kuna mtu anayesikia sabuni kwenye kotmiri au tunachezewa?"

Jibu ni kwamba yupo. Na si mmoja, ni wengi.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu jina, maana najua wapo watakaoanzia hapo. Mmea wenyewe sisi wa Unguja tunauita kotmiri, Mombasa na Nairobi ni dania, wengine wanasema giligilani, na hapa Oman ukienda sokoni ni kizbara. Majina mawili ya mwanzo yametufikia kutoka Bara Hindi pamoja na mapishi yake. Lakini shina na jani ni vile vile, na ndani ya jani hilo mna kemikali za jamii iitwayo aldehidi. Hizo ndizo zinazotoa ile harufu kali ya ubichi. Aldehidi za namna hiyo hiyo hupatikana pia kwenye sabuni na manukato, na baadhi ya jamaa zake hutolewa na wadudu wanaonuka, kunguni wakiwemo. Kwa hiyo anayesema "sabuni" au "kunguni" hatungi. Anataja kitu ambacho kemia inakikubali.

Mbegu ya kotmiri ni habari nyingine. Iliyokauka, ile tunayosaga kwenye bizari, harufu yake inatokana zaidi na linaloli, ambayo si aldehidi. Ndiyo maana mtu anaweza kulichukia jani na kuipenda bizari bila ya kujipinga. Yule binti alikula pilau na mchuzi wa dada yangu siku zote tatu, na zote zina kotmiri iliyosagwa. Hakuna aliyeliona hilo.

Sasa tuingie puani. Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, pana ngozi nyororo ndogo yenye mamilioni ya seli za neva. Kila seli ina vinyweleo vilivyolala kwenye ute, na juu ya vinyweleo hivyo zimepachikwa protini ambazo mimi darasani naziita vipokezi vya harufu. Kipokezi ni mnyororo wa asidi amino mia tatu na kitu, na mnyororo huo umeupenya utando wa seli mara saba, ndani nje, ndani nje, kama uzi unaoshonwa. Katikati ya mipindo hiyo panabaki kishimo kidogo. Chembe ya harufu inayoingia humo ikakaa sawa, kipokezi hujikunja kidogo, na kule kujikunja huamsha protini nyingine ndani ya seli, ambayo nayo huamsha kimeng'enya, milango ya seli ikafunguka, chaji ya umeme ikaingia, na neva ikapeleka habari kwenye ubongo. Yote hayo ni kufumba na kufumbua.

Na msidhani harufu inaingia kwa tundu za pua peke yake. Ukitafuna, harufu hupanda kupitia nyuma ya koo. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu iliyopita mlango wa nyuma. Jaribuni wenyewe: bana pua yako, tafuna jani la kotmiri, halafu achia pua. Hapo ndipo utajua nani alikuwa anafanya kazi, ulimi au pua.

Kila kipokezi kina jeni yake inayotoa maelekezo ya kukitengeneza. Jeni hizi ziligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel, waliotangaza kazi yao mwaka 1991 wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Binadamu ana jeni kama 20,000 zinazotengeneza protini, na karibu 400 kati ya hizo ni za vipokezi vya harufu. Yaani takriban jeni moja katika kila hamsini ni ya kunusa tu! Zaidi ya hizo tuna mamia mengine ya jeni za harufu ambazo zimekufa, zimo kwenye vinasaba vyetu lakini hazitengenezi kitu. Panya anatushinda mbali, anazo hai zaidi ya elfu moja.

Kingine cha ajabu ni kwamba kila seli ya neva puani huchagua jeni moja tu kati ya hizo mia nne na kuzinyamazisha zilizobaki. Na kwa kuwa kila jeni tunayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, seli huchagua hata nakala. Seli hii inatumia ya baba, jirani yake ya mama. Harufu moja huamsha vipokezi kadhaa, na kipokezi kimoja huitikia harufu kadhaa. Ubongo husoma mchanganyiko, kama tunavyosoma neno kwa herufi zake na si kwa herufi moja.

Kipokezi kinachohusishwa na kotmiri kinaitwa OR6A2. Jina linatisha, lakini ni anwani tu. OR ni kifupi cha kipokezi cha harufu kwa Kiingereza, 6 ni familia, A ni tawi la familia, na 2 ni nambari ya mwanafamilia. Jeni yake imekaa kwenye kromosomu ya 11, ambayo ndiyo yenye jeni nyingi za harufu kuliko kromosomu nyingine yoyote, zimepangana makundi makundi kama nyumba za mtaa mmoja. Ndugu yake wa panya ndiye aliyejulikana kwanza kazi yake. Mwaka 1998 maabara ya Stuart Firestein, hapo hapo Columbia, iliongeza jeni hiyo kwenye pua za panya, na pua zikaitikia kwa nguvu harufu ya oktanali, aldehidi yenye kaboni nane, pamoja na jamaa zake wa karibu. Kwa hiyo kipokezi hiki ni mtambuzi wa aldehidi, na jani la kotmiri limejaa aldehidi.

Habari ya sabuni ikaja mwaka 2012. Watafiti wa kampuni ya 23andMe, wakiongozwa na Nicholas Eriksson, waliwauliza wateja wao kama kotmiri inawapa ladha ya sabuni. Walijibu watu 14,604, na matokeo yakapimwa tena kwa kundi jingine la watu 11,851 walioulizwa kama wanaipenda au hawaipendi. Walipolinganisha majibu na vinasaba, herufi moja ikajitokeza kwenye kromosomu ya 11, jirani na mtaa wa jeni nane za harufu, OR6A2 ikiwa mojawapo. Kwa kuwa hiyo ndiyo inayojulikana kwa aldehidi, wakaitaja kuwa mshukiwa mkuu.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipokwenda kwa dada. Na hapa ndipo nilipokosea.

Nilikuwa na haraka ya kumtetea binti. Nikasema mbele ya wote, kwa sauti ya mwalimu, "Dada, hadeki. Ni jeni. Amezaliwa nayo." Nikajiona nimemaliza kesi. Dada akanyamaza, akamwaga chai, akaniuliza taratibu, "Kumbe ana kitu kwenye damu. Na wajukuu zangu je?"

Sikulitilia maanani. Wiki ya pili nikasikia kwamba kuna simu zimepigwa Mombasa kuuliza ukoo wa binti wana maradhi gani. Nilishikwa na aibu! Nilikuwa nimemtoa binti kwenye kesi ya adabu nikamtia kwenye kesi ya damu, ambayo ni nzito mara mia. Dharau mtu huomba radhi ikesha. Damu utaiombea radhi kwa nani?

Na dada yangu simlaumu. Hapa Oman watu wamefundishwa, tena kwa kheri, kupima damu kabla ya ndoa kwa ajili ya selimundu na thalasemia. Neno jeni likitajwa, linalokuja kichwani ni ugonjwa, mtoto mgonjwa, mahari iliyopotea. Sisi tunaofundisha tunalitupa neno hilo kama kwamba halina uzito, tukasahau limekwisha kupata maana yake mitaani.

Nikarudi kwa dada, safari hii sikusimama. Nilikaa naye jikoni. Nikamwambia mambo matatu, na ndiyo ninayotaka kuwaachia na nyinyi.

La kwanza, utafiti ule haukusema "jeni hii inakufanya uchukie kotmiri". Ulisema wenye herufi fulani wana uwezekano mkubwa kidogo kuliko wengine wa kusikia sabuni. Kidogo. Watafiti wenyewe walikadiria kwamba tofauti zote za vinasaba walizozipima kwa pamoja zinaeleza chini ya sehemu moja katika kumi ya jambo lote. Herufi yenyewe iko jirani na jeni, na haijathibitishwa kwamba OR6A2 ndiye mkosaji na si jirani yake mmoja wa mtaa ule. Tena watu wote waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Binti wa Mombasa hakuwemo, wala mimi. Kuchukua matokeo yale na kuyabandika juu ya paji la uso wake ilikuwa ni kuruka hatua nyingi kwa mkupuo.

Mazoea yana sehemu yake kubwa. Mwaka huo huo wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwauliza vijana wa asili mbalimbali wanaoishi Kanada. Waliosema hawaipendi kotmiri walikuwa asilimia 21 kwa wenye asili ya Asia ya Mashariki, 17 kwa wenye asili ya Ulaya, 14 kwa wenye asili ya Afrika, 7 kwa wenye asili ya Bara Hindi, na 3 tu kwa wenye asili ya Mashariki ya Kati. Angalieni: pale ambapo kotmiri iko mezani kila siku tangu utotoni, wachache wanaikataa. Huenda vinasaba vimo, lakini na sufuria ya mama imo.

La pili, hakuna pua iliyo sawa na pua. Mwaka 2014 Joel Mainland na wenzake walionyesha kwamba ukichukua watu wawili wowote, vipokezi vyao vya harufu hutofautiana utendaji kwa zaidi ya asilimia 30. Watu wawili wowote! Mimi na dada yangu, wewe na mkeo. Kila mmoja wetu ana harufu anazozisikia sana, na nyingine anapita nazo bila kuzijua, na hajui kwamba hajui. Hiyo si kasoro. Ukitaka kuiita kasoro, basi sote tunayo, na neno litakuwa limepoteza maana. Selimundu ni jeni inayoharibu chembe za damu. Hii ni jeni ya kunusa majani. Zote ni jeni kama vile kisu na kijiko vyote ni vyombo vya jikoni.

La tatu, OR6A2 haikuwekwa mwilini kwa ajili ya kotmiri. Tumeipa jina la "jeni ya kotmiri" kwa sababu ya magazeti. Mwaka 2022 wanasayansi wa taasisi ya kinga ya La Jolla, California, walichapisha kwamba kipokezi hiki, na ndugu yake wa panya, kimo pia kwenye seli nyeupe za damu zinazokaa kwenye kuta za mishipa na kumeza takataka. Seli hizo huitikia oktanali ile ile, ambayo hupatikana kwenye damu pale mafuta ya mwilini yanapoharibika. Kwa panya, oktanali ilipoongezwa, uvimbe na mafuta yanayoziba mishipa yakazidi, na jeni ilipoondolewa, yakapungua. Hayo ni ya panya, na hayana uhusiano na kula kachumbari, kwa hiyo asije mtu akawaambia jamaa zake waache kotmiri kwa ajili ya moyo. Nimeyataja ili tuone kwamba protini moja ina kazi zaidi ya moja, na jina tulilolipa halijui yote inayoyafanya.

Elimu yenyewe bado changa. Mpaka mwaka 2023 hapakuwa na picha kamili ya kipokezi chochote cha harufu cha binadamu kikiwa kimeshika harufu yake. Cha kwanza kupigwa picha hiyo ni OR51E2, na harufu yenyewe ni ya propionati, inayosikika kwenye jibini. OR6A2 hakikuwa hicho.

Dada akanisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele. Halafu akasema, "Wewe umesahau mama?"

Nikamwuliza mama kafanyaje.

"Mama hakutia kotmiri kwenye urojo hata siku moja. Alikuwa akisema inanuka kunguni. Mimi nimejifunza kuitia kwa mama mkwe wangu."

Wallahi nilikuwa nimesahau. Miaka yote nimekula urojo wa mama usio na jani, na nikadhani ndivyo urojo ulivyo. Sasa siwezi kupima pua ya marehemu, na siwezi kusema alikuwa na herufi ipi. Lakini dada alikwisha kujijibu mwenyewe: kama ni kitu kwenye damu, basi na sisi tunacho, na mpwa wangu kakirithi kwetu kabla hajafika Mombasa. Siku ile ile alimpigia simu mama wa binti. Sikuuliza walizungumza nini, lakini ilikuwa ndefu na niliisikia ikimalizikia kwa vicheko.

Kwa wenye mtu wa namna hii nyumbani, nawapa hila ya jikoni ambayo kemia inaiunga mkono. Msimpe jani zima bichi. Litwangeni au lisageni, liache likae. Jani likipondwa, vimeng'enya vyake hutoka na kuzivunja aldehidi taratibu, na harufu kali hupungua. Kulitia kwenye chungu cha moto nako husaidia, maana aldehidi hupotea na mvuke. Dada siku hizi husaga chatini mapema, na kachumbari hutenga bakuli moja isiyo na jani. Futari ya mwisho binti aliichovya bajia kwenye chatini. Hakula sana, lakini alikula, na hakuna aliyemtazama.

Kabla sijaaga, nina ombi kwa wataalamu wa lugha. Tunapata shida kubwa darasani kwa kukosa namna ya kutofautisha jeni inayoleta ugonjwa na jeni inayoleta tofauti tu. Waswahili wa kale walikuwa na neno "maumbile", nalo halina lawama ndani yake. Mtu akisema "ndivyo alivyoumbwa", hakuna anayepiga simu Mombasa. Lau ningeanza na neno hilo badala ya kujitia usomi, ningejiokolea wiki mbili za aibu. Mnaonaje, laweza kubeba mzigo huu, au mnalo lililo bora? Na mwenye pua ya sabuni miongoni mwenu ajitokeze, tusikie alivyokuwa akila kwao utotoni.

Wasalaam,
Mjomba wa watu, Muscat